Ukumbi Wetu wa Ngoma: Msimu Ujao na Hesabu Zake

(Hotuba ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Ukumbi, iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wananyumbani waishio Dar es Salaam)



Watani wetu hapa mjini wana msemo kwamba Mgogo hafundishwi kuomba, anazaliwa anajua. Leo tumekuja kuwapa ushahidi. Lakini kabla ya kuomba, sisi tunaoshika daftari la Chama tumepewa kazi ya kueleza mambo mawili: fedha mliyotoa mwaka jana ilikwenda wapi, na msimu ujao ukumbi wetu utakuwa na nini. Tutaanza na la kwanza, kwa sababu mtu aliyekuazima jembe hataki kusikia habari ya shamba jipya kabla hajaliona jembe lake.

Mwaka jana katika ukumbi kama huu tuliahidiana shilingi 18,400,000. Zilizotufikia ni 11,900,000. Kati ya hizo, paa yaani mabati, mbao na fundi lilichukua 5,150,000. Sakafu ya saruji 2,400,000. Mabenchi 900,000. Usafirishaji na vibali 400,000. Spika na mitambo yake 2,800,000. Salio lililobaki lilikuwa 250,000. Stakabadhi zote zipo kwenye faili la bluu pale mlangoni, na mkaguzi wetu amezipitia. Anayetaka kuona ya misumari ataiona.

Sasa tuzungumze habari ya spika, maana waliokuwepo siku ile wanasubiri tuone kama tutairuka.

Tulizinunua sisi. Hakuna aliyetushauri vibaya. Tulikaa hapa mjini, tukaona kumbi za harusi zina spika kubwa, tukasema na wa nyumbani wasionekane wa nyuma. Siku ya kufungua ukumbi, mshereheshaji aliziwasha tangu saa nane mchana. Mama zetu wa muheme wakaingia, ngoma zimeshikwa kati ya magoti kama kawaida, wakaanza. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, mbele ya mwimbaji. Ngoma zikasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Sauti zile za wanawake, ambazo kila moja ina njia yake na zote zinakutana mahali, zikageuka kuwa sauti moja tu inayopiga kelele. Bati juu likaongeza mwangwi. Wimbo wa pili haukuisha. Kiongozi wao aliinua ngoma yake, akatoka nje, akasimama chini ya mbuyu. Wenzake wakamfuata. Kisha watoto. Kisha watu wote, pamoja na Mheshimiwa Diwani. Ndani tukabaki sisi wa kamati, mshereheshaji, na spika za shilingi 2,800,000.

Tumeziuza kwa 1,700,000. Hasara ni 1,100,000, na katika kitabu tumeiandika hivyo hivyo, hasara, hatukuipa jina la heshima. Kwa hiyo leo tunazo 1,950,000 benki.

Bibi yule baadaye alitueleza kosa letu kwa upole kuliko tulivyostahili. Alituuliza, "Wajukuu zangu, mlijenga nyumba ya ngoma, moto wa kuzikausha mtauweka wapi?" Kweli hatukuwa tumefikiri. Ngozi ya ngoma inalegea, lazima ikaribishwe moto au jua ndipo ipige. Ramani iliyochorwa mjini ilikuwa na jukwaa, chumba cha wageni mashuhuri na mahali pa kuegesha magari. Mahali pa moto hapakuwemo. Tumefungua ukuta wa upande wa mashariki, tukaweka uwanda wa udongo unaoelekea mbuyu, na moto unawashwa hapo. Ukuta ulibomolewa na vijana wa kijiji bila malipo, nasi tunawashukuru. Sasa ukumbi ni nusu nyumba na nusu kivuli, na ngoma inasikika mpaka barabarani bila waya hata mmoja.

Baada ya hayo, tuje kwenye msimu.

Kwetu mvua ni moja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na ikitukosa imetukosa. Kwa hiyo hatukupanga kitu wakati watu wako shambani wakipalilia mtama na uwele, wala wakati wa kuvuna. Msimu wa ukumbi unaanza Julai, chakula kikishaingia ghalani, na unaisha siku mbili baada ya Krismasi. Jumamosi zote tumezichagua zilizo karibu na mwezi mpevu. Wapo walioona kamati imerudi kwenye ushirikina. Sababu ni kwamba watu wa vitongoji vya mbali wanarudi kwa miguu usiku wakiwa na watoto mgongoni, na mwezi hautozi nauli.

Julai tunafungua na muheme. Kwa ndugu zetu mliozaliwa Temeke na Kinondoni, ambao nyumbani mnakujua kwa misiba tu, tueleze kidogo. Kwingi katika nchi hii mpiga ngoma ni mwanamume na mwanamke anacheza. Kwetu, muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaipiga wenyewe, wamesimama, na ile kubwa inayoongoza inapigwa na aliyefuzu. Vikundi vinne vimekubali kuja, viwili vya kata yetu na viwili vya jirani. Hakutakuwa na mshindi. Mwaka ule tulipoweka mshindi na zawadi ya mbuzi, vikundi viwili havikusalimiana mpaka mavuno.

Mwishoni mwa Julai hatukuweka kitu. Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Cigogo, ambalo wamekuwa wakilifanya tangu mwaka 2009, na watu wetu wengi huenda. Ingekuwa ujinga kugombania wasikilizaji na jirani mkubwa, hasa jirani ambaye vikundi vyetu vimejifunza kwake namna ya kupanga zamu, kupokea wageni na kudai malipo yao. Agosti nayo wiki ya Nane Nane vijana wote wako Nzuguni, kwa hiyo tunawaacha warudi.

Katikati ya Agosti ni siku ya zeze na ilimba, na hii itaanza asubuhi. Wazee watatu watakaa chini ya mbuyu na kuunda vyombo mbele ya watu: kuchonga, kuwamba ngozi, kufua vyuma vya ilimba na kuvipanga. Mtoto atakayekaa asubuhi nzima ataona jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tukilisikia bila kujua linatoka wapi, ule mvumo kama wa nyuki ndani ya ilimba. Ubao unatobolewa tundu, na juu ya tundu unabandikwa utando mwembamba wa buibui. Utando huo ndio unaovuma. Mzee mmoja alituambia kwamba tatizo lake siku hizi si vyuma, misumari ipo. Tatizo ni kupata utando mzuri katika nyumba za saruji ambazo wakwe zake wanafagia kila siku.

Jioni ya siku hiyo watapiga. Tunaomba wazazi mlete vijana, na tunasema hivyo kwa sababu ya mtu mmoja. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa mtoto wa Ugogo kama sisi, mchungaji wa ng'ombe na mpiga zeze. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa katika kikundi cha taifa cha ngoma, akafundisha Bagamoyo, akarekodi na Real World huko Uingereza, akazunguka dunia kwa ilimba mpaka alipofariki mwaka 2003. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao wenyewe iitwayo Maisha, wakiimba mbele, wakati zamani wanawake wa nyumba hiyo walikuwa wakiitikia nyuma. Ni kilomita chache sana kati ya kwetu na alikotoka mzee yule. Katika vijana 40 tuliowauliza shuleni kwetu, waliojua jina lake walikuwa watatu, na mmoja alidhani ni mchezaji wa mpira.

Septemba tunawaachia darasa la saba na mtihani wao. Oktoba, wakishapumua, ni siku ya shule. Shule za msingi zitaleta ngoma, na vijana wa sekondari wataleta mchezo wa kuigiza unaohusu Mtunya.

Wazee mlioko hapa mnalijua neno hilo. Vijana wengi hawalijui, na tulishangaa kuona hata sisi wenye miaka arobaini na kitu tunalijua nusu nusu. Mtunya ni ile njaa kuu ya Ugogo ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwanza walipita Wajerumani, kisha Waingereza, wakachukua nafaka, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa zimekwisha kufagiliwa. Watu walikufa, wengine walitawanyika, na wapo ambao koo zao ziko mbali leo kwa sababu ya miaka ile tu. Vijana walipewa kazi na mwalimu wao ya kwenda kwa mabibi na mababu kuuliza waliyosimuliwa na wazazi wao. Wamerudi na madaftari. Kamati ilipewa nafasi ya kuona mazoezi mara moja. Kuna sehemu msichana anagawa uwele kwa kifuu, anahesabu watu, kisha anahesabu tena. Hasemi kitu. Anahesabu tu, akirudia, na kila akirudia watu wamepungua mmoja. Sisi tunaohesabu kwa ajili ya mshahara tulitoka pale bila kuongea mpaka tulipofika kwenye gari.

Mchezo huo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji taa, kwa sababu unaanza jioni na unaisha usiku, na umeme wetu mnaujua. Ndiyo maana kwenye makisio mtaona sola.

Novemba, kabla ya mvua, ni jioni ya kwaya. Kwaya zetu za makanisa ndizo zilizobeba nyimbo za Cigogo katika miaka ambayo watu waliona ngoma ni ushamba, na yeyote aliyesimama katika kanisa la kwetu siku ya mavuno, kayamba na ngoma zikiingia, anajua tunachosema. Usiku huo huo wazee wa nindo watakuwepo. Waimbaji wa nindo wamebaki wachache na wanachoka mapema, kwa hiyo watatangulia wao. Tunaomba kwaya zisichukulie kwamba wamedharauliwa.

Sasa tumefika kwenye jambo la Desemba, na hapa tunaomba utulivu.

Siku mbili baada ya Krismasi, wengi wenu mkiwa nyumbani, tumepanga wasichana 22 wa shule zetu wapige muheme kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Wamekuwa wakijifunza tangu Februari kila Jumamosi, kwa mabibi wanne. Tulidhani hili ndilo jambo jepesi kuliko yote. Limekuwa zito kuliko paa.

Mchungaji alikuja kwetu, na baadhi ya wazazi wakaja, wakauliza: ngoma hii si ndiyo iliyokuwa ikipigwa kwenye unyago? Na unyago ule si ulikuwa na kisu? Hatuwezi kuwajibu kwamba wanakosea. Mkoa wetu umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye ukeketaji mwingi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imefanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini wote tunajua jambo lililokuwa likifanywa kwa vigelegele limehamia ndani ya nyumba, kimya kimya, kwa watoto wachanga. Mzazi anayeogopa ngoma kwa sababu hiyo haogopi kivuli.

Tena lipo zaidi. Mmoja wa mabibi wanne wanaofundisha aliwahi kuwa ngariba. Aliacha miaka mingi iliyopita, akatamka mbele ya kijiji. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusema haya leo na kuyachapisha, akatuambia tusizunguke. Ndiye anayezijua nyimbo kuliko yeyote aliye hai katika kata yetu. Na wapo mama zetu, wengine wamo humu ndani, ambao mkono wake uliwapitia.

Kamati ilikaa juu ya jambo hili mara tatu. Kikao cha kwanza tuligombana. Kikao cha pili tulimwita bibi mwenyewe. Tulimuuliza maswali magumu, akayajibu yote akiwa ameketi chini, ingawa tulimpa kiti. Mwisho alisema, "Ngoma haijamkata mtu. Niliyekata ni mimi. Kama mnanikataa mimi, nikataeni, lakini mtu mwingine awafundishe." Tulimuuliza ni nani huyo mwingine. Akawaza, akataja majina mawili, akakumbuka kwamba wote wawili tumekwisha kuwazika.

Kikao cha tatu tulipiga kura. Watano walitaka aendelee, wanne walikataa. Mmoja wa wale wanne amejiuzulu kwenye kamati, na hatumlaumu. Tuliyokubaliana ni haya. Mafunzo yanafanyika ukumbini, milango yote ikiwa wazi, mchana tu, na mama wawili wa kamati wakiwepo kila Jumamosi. Kila mzazi ametia sahihi. Nyimbo zile za ndani, ambazo hazikuwa za kuimbwa mbele ya watu wote, hazitapanda jukwaani; mabibi ndio wanaozichagua za kutoka nje. Muuguzi wa zahanati yetu amekuja mara mbili kuzungumza na wasichana na mama zao, na siku ya Desemba atazungumza dakika kumi kabla ya ngoma ya kwanza. Bibi yule naye ameomba azungumze baada ya muuguzi. Hatujui atasema nini. Hatukumwomba atuandikie.

Wasichana wenyewe? Tulipowatembelea mwezi uliopita, mmoja wa kidato cha pili, mdogo kwa umbo, alikuwa akipiga ngoma kubwa inayoongoza. Bibi mwingine alikuwa akimpiga kwa kidole begani kila alipochelewa. Alipochelewa mara ya tano alifunga macho, akaacha kuitazama mikono yake, na wenzake ishirini na mmoja wakaingia nyuma yake kwa pamoja. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa mpaka mwisho. Hakusema amebadilisha mawazo, nasi hatutamsemea.

Tunawaleteeni jambo hili kabla hatujapitisha kikapu, kwa makusudi. Fedha ya Desemba ni sehemu ya fedha tunayoomba. Mwanachama asiyetaka shilingi yake iende huko aandike kwenye fomu neno "isipokuwa Desemba", nasi tutaitenga. Tumefungua safu yake kwenye kitabu.

Turudi kwenye makisio. Msimu mzima utagharimu 5,200,000. Sehemu kubwa, 2,400,000, ni malipo ya vikundi: zamu 16, kila zamu shilingi 150,000. Hapa kuna waliotuuliza kwa nini tuwalipe watu wa kwetu kucheza ngoma ya kwetu. Tumewajibu kwa hesabu. Kikundi kina watu kama kumi na tano. Ni shilingi elfu kumi kwa mtu, kwa siku ambayo hakwenda kwenye kibarua wala gengeni. Miaka yote mama zetu wameitwa kupokea wageni wakubwa juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni anafika saa nane, na malipo yao ni soda. Wapiga picha walilipwa. Mwenye hema alilipwa. Katika ukumbi wetu atakayelipwa kwanza ni aliyebeba ngoma, na atalipwa siku hiyo hiyo kabla hajaondoka, akitia sahihi au dole gumba.

Chakula na usafiri wa vikundi ni 1,200,000. Taa za sola 900,000. Vyombo, yaani ngoma mpya za wasichana, ngozi na njuga, 700,000. Kiingilio kitabaki shilingi 1,000 kwa mtu mzima, watoto bure wakija na mkubwa wao, na wasio na fedha wanaweza kuleta kibaba cha mtama kwa ajili ya jiko. Mwaka jana mlangoni tulipata 640,000, kwa hiyo msimu huu tumekisia 650,000, hatukujitia matumaini makubwa. Toeni hiyo, toeni na 1,950,000 tuliyo nayo benki, mtaona pengo ni 2,600,000.

Ndugu zetu, mtakumbuka tulisema ahadi za mwaka jana zilikuwa 18,400,000 na zilizoingia 11,900,000. Zilizobaki njiani ni 6,500,000. Kwa lugha ya kazi yetu, leo hatuhitaji ahadi mpya hata moja. Zikifika zile za zamani, msimu unalipwa wote na zinabaki 3,900,000. Majina hatuyachapishi, wala hatutayasoma. Tumeweka bahasha yenye jina la kila mmoja kwenye meza ya kulia, ndani kuna karatasi inayoonyesha kilichobaki. Ambaye biashara imemwendea vibaya mwaka huu, au ameuguza, aiandike hivyo nyuma ya karatasi na kuirudisha. Tutalifuta deni na mambo yataishia kati yake na daftari. Tunaomba tu asiibebe bahasha kwenda nayo nyumbani, kama wengine walivyofanya mwaka juzi.

Na hiyo 3,900,000 tumekwisha kuipangia kazi. Ukumbi hauna choo. Tumejenga jukwaa, tumenunua na kuuza spika, tumebomoa ukuta, na mama zetu waliotoka kilomita kumi na mbili na ngoma kichwani wanakwenda vichakani, mchana, mbele ya magari ya wageni. Fundi ametupa bei ya matundu manne, mawili yakiwa ya wanawake na yenye maji: 3,850,000. Shilingi 50,000 zinazobaki ni za kufuli na ndoo, na tunajua hazitatosha.

Mambo madogo ya mwisho. Wanaotaka kwenda kwenye ufunguzi wa Julai, kamati inakusanya majina kwa ajili ya treni ya umeme kwenda Dodoma. Kutoka stesheni tutapanga basi dogo moja, na atakayechelewa atajitafutia bajaji. Malazi ni kwa ndugu zenu, ambao wamesema wanawangoja na wengine wanawadai. Wenye ngoma, zeze au ilimba za marehemu wazazi zilizokaa juu ya makabati hapa mjini, wazee waundaji wameomba zirudi nyumbani zikatengenezwe. Si lazima muziache kule, mtarudi nazo zikiwa zinalia. Na mwenye nyumba ya zamani ambaye buibui wake hawajafagiliwa amwone mzee wetu wa ilimba, anasema atakuja kuchukua mwenyewe.

Faili la bluu liko mlangoni. Bahasha ziko meza ya kulia.